Kula ya Kupiga

Darasa la awali la kijijini kwetu lilifunguliwa mara mbili. Mara ya kwanza lilifunguliwa na mgeni rasmi, kwa mkasi. Mara ya pili lilifunguliwa na mwalimu, kwa ufunguo, wiki kadhaa baadaye, kwa sababu siku ya mkasi mlango ulikuwa haujafika.

Siku ile ya mkasi tulielezwa kwamba serikali imeleta fedha nyingi na kwamba elimu ya awali sasa ni bure. Mimi nilidhani ilikuwa bure tangu zamani. Jirani yangu, mama mmoja anayeanika dagaa mwaloni, wanakoshushia samaki, alininong'oneza kwamba ndiyo, ilikuwa bure, ila haikuwa na chumba. Watoto walikuwa wakisomea ubavuni mwa darasa la nne, na kivuli kikihama nao wanahama na mwalimu wao. Sasa ilikuwa bure na ina kuta. Tukapiga makofi.

Kuta zenyewe zilipakwa rangi kwa ndani na nje, na mchoraji aliletwa kutoka mjini aandike herufi na picha zake. Kwenye N alichora nyangumi. Tunaishi karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukivuma nguo kwenye kamba zinanuka samaki, na hapo N ya ningu, samaki wetu wa kila siku, ingemtosha mtu yeyote, lakini mchoraji aliona watoto wetu wanastahili kitu kikubwa zaidi. Kwenye S aliweka simba. Sangara alikosa nafasi.

Baada ya makofi tulisomewa mahitaji, maana bure nayo ina mahitaji yake. Kila mtoto aje na kigoda cha kukalia, fagio, dumu dogo la maji, na kuni za kupikia uji. Unga wa uji tutajadiliana. Viti na meza vitakuja awamu ya pili. Sijawahi kukutana na mtu aliyeiona awamu ya pili kwa macho yake, lakini kijijini kwetu inaheshimiwa kama mizimu, na wapo wanaoapa kwamba huko Sengerema iliwahi kutokea.

Sikuwa na ugomvi na kigoda. Nilikichonga mwenyewe Jumapili moja, na kwa kuwa sikuwahi kujifunza useremala, kilitoka na miguu minne ya urefu tofauti. Ningechonga hata kabati kama wangetaka kabati. Nilikuwa nalihitaji darasa lile kuliko lilivyonihitaji.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama alitangulia, na baba akamfuata upesi kama mtu aliyesahau kumwambia kitu. Mimi ndiye mkubwa. Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, na ningependa kusema kwamba kuna mtu alinilazimisha kuacha shule ili niwe na wa kumlaumu, lakini hakuna. Ndugu walikuja matangani, wakala, wakalia, wakanishika bega mmoja mmoja wakisema, "Sasa wewe ndiye mkubwa." Kisha wakapanda magari. Nilielewa.

Anayenifuata ni mdogo wangu wa kike, ambaye mwaka huo alikuwa amefika kidato cha pili, palepale nilipoachia mimi. Kitinda mimba wetu, wa kike pia, alikuwa na miaka mitano. Huyo ndiye aliyetakiwa kuingia awali.

Zamani tulijimudu bila awali. Nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha na karanga Kigongo, kwenye foleni ya kivuko. Foleni ndiyo iliyokuwa duka langu. Mtu akisubiri kuvuka ziwa hana la kufanya zaidi ya kulaumu serikali na kula yai. Mtoto alicheza karibu na beseni langu, nikimwona. Kisha likaja daraja. Sina neno na daraja. Ni zuri, ni refu, linapendeza asubuhi na jioni, na hakuna mtu anayekula yai akiwa juu yake. Magari yanapita kama yamefukuzwa. Nikahamia Nyamagana, soko kuu, kubeba mizigo, na huko mzigo wenye maana unashushwa alfajiri. Mtoto nikawa namwacha kwa bibi mmoja jirani. Halafu daraja likamrahisishia naye mambo: binti yake wa Sengerema alikuja kumchukua akaishi naye, na asubuhi hiyohiyo walifika hata chai haijapoa. Maendeleo yalikuwa yametufikia kutoka pande zote mbili.

Nilijaribu kumpeleka mtoto sokoni siku moja. Alisinzia juu ya viroba vya mchele, na mwenye viroba akavipakia kwenye mkokoteni bila kutazama juu. Tulimpata stendi. Sikurudia.

Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa fupi. Kitinda mimba akipata darasa, asubuhi yuko na mwalimu, na mchana yule mama jirani wa dagaa, ambaye naye alikuwa na mtoto wa rika lile, atawachukua wote wawili hadi mdogo wangu arudi kutoka sekondari. Asipopata darasa, mtu abaki naye nyumbani. Nikibaki mimi, hatuli. Akibaki mdogo wangu, kidato cha pili kitakuwa kimemeza watu wawili wa familia moja.

Mwalimu wa awali aliandikisha majina mpaka mkono ukamuuma. Habari ya bure ilikuwa imesafiri. Watu waliohamia mjini miaka mingi iliyopita walikumbuka ghafla kwamba wana bibi huku, na bibi amewakumbuka wajukuu. Watoto walijaa kuliko chumba, na mwalimu alikuwa yeye mmoja. Wakubwa wa shule na wa kijiji wakakaa, wakashauriana, na jioni wakamtuma kijana wa bodaboda azunguke na kipaza sauti.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu midomo yetu. Sisi wengi tumezaliwa ndani ya Kisukuma, na Kisukuma hakina haja na herufi R. Shuleni tunafundishwa, tunaiandika vizuri kabisa, lakini tukiitamka inageuka L kabla haijavuka meno. Hatuoni tabu, kwa kuwa tunaelewana. Kijana wa bodaboda alipita barabara zote akitangaza kwamba kesho saa mbili asubuhi, wazazi wote wa darasa la awali wafike shuleni bila kukosa, kuna kula.

Watu wakaelewana.

Na kwa kweli haikuwa ajabu. Fedha zilikuwa zimekuja, chumba kimefunguliwa, uji umejadiliwa. Serikali ikileta kuta inashindwaje kuleta wali? Jirani yangu alipiga hodi asubuhi akiwa amevaa kitenge cha harusi, na sahani mbili kwapani.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu. Ndivyo Wasukuma wanavyomsalimu mama asubuhi. Wanawake wa pale walikuwa wamenipa cheo hicho tangu waliponiona kwenye foleni ya kuandikisha, mwanaume peke yangu, na mtoto mgongoni.

"Mwangaluka," niliitikia. Niliacha kubisha zamani.

"Umebeba na vijiko, au mtakula kwa vidole kama watu wasio na mama?"

Nilibeba na vijiko. Mimi niliyefika kidato cha pili na kusoma fasihi simulizi, nilitoka nyumbani na sahani mbili na vijiko viwili. Siku hiyo sikwenda sokoni.

Uwanja wa shule ulikuwa umependeza. Sahani za bati, za plastiki, za maua. Bibi mmoja alileta sufuria tupu lenye mfuniko, kwa ajili ya waliobaki nyumbani. Mbele, juu ya meza, kulikuwa na ndoo kubwa, na waliochungulia walirudi na habari kwamba ndani kuna mahindi na maharage. Basi ni makande. Kulikuwa na malalamiko kidogo, kwamba kwa fedha zote zile wangeweza hata kuweka nyama, na mtu mmoja mwenye uzoefu alisema makande hayo hayataiva kabla ya saa kumi kwa sababu moto wenyewe bado haujawashwa.

Mwenyekiti wa kijiji alisimama. Alitutazama, akatazama sahani, akatutazama tena.

"Ndugu wazazi," alisema, "nasikitika kuona vyombo. Tangazo lilikuwa wazi. Hii si kula ya kula. Ni kula ya kupiga."

Kisha yule bibi wa sufuria akauliza, kwa adabu, kama ya kupiga inakuja kabla au baada ya ile ya kula.

Mwalimu mkuu akaokoa jahazi. Yeye ni mtu wa Kagera, kwao ni ndizi na kahawa, na R yake ni safi kama ya redioni. Alieleza kwamba chumba hakitoshi, na kwa ajili ya uwazi na haki itapigwa kura. Ndoo imechanganywa mahindi na maharage, na maharage ni sawa na nafasi zilizopo. Kila mzazi ataingiza mkono bila kutazama. Akitoa harage, mtoto ameingia. Akitoa hindi, mtoto asubiri mwaka ujao. Aliongeza kwamba mbinu hii haiwezi kuchezewa na mtu yeyote.

Nilikuwa mtu wa nne kwenye foleni. Nilipofika mezani mwenyekiti aliweka kiganja juu ya ndoo.

"Wewe kijana, wameitwa wazazi."

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Wameitwa wazazi."

Nilimwambia wazazi wangu anawajua walipo, kwa kuwa alizungumza kwenye mazishi yote mawili. Alikiri kwamba alizungumza. Alisema aliwaheshimu sana marehemu, lakini utaratibu ni utaratibu, na neno lililotumika ni mzazi. Mwalimu wa awali, ambaye alikuwa pembeni na kalamu yake, alisema anavyofahamu yeye ni mzazi au mlezi. Mwenyekiti akauliza kama kaka ni mlezi, au kaka ni kaka tu. Mjumbe mmoja akasema kaka akioa anakuwa mlezi. Mwingine akauliza, asipooa je? Niliombwa kwa heshima nisogee pembeni wakati wao wanalijadili suala langu, ili nisicheleweshe wenye haki.

Nikasogea. Foleni ikaendelea.

Sijui maharage yanaonekanaje huko kwenye migomba, lakini wanawake wa kwetu wamepukuchua mahindi na kuchagua maharage tangu hawajaota meno ya pili. Mkono wa mwanamke wa Kisukuma ukiingia ndani ya ndoo ya makande mabichi hauhitaji macho. Harage ni laini na lina mgongo. Hindi lina ncha. Aliyekuwa mbele aliingiza mkono, akatazama mawinguni kama anayeomba, akatoa harage. Aliyefuata, harage. Jirani yangu alitoa harage bila hata kusimama vizuri. Bibi wa sufuria alitoa mawili, akaambiwa arudishe moja. Mwalimu mkuu alifurahi. Alisema hajawahi kuona wananchi wenye bahati kiasi hiki.

Uamuzi wangu ulipotoka ulikuwa mzuri: kaka anaweza kuwa mlezi iwapo hakuna pingamizi. Hapakuwa na pingamizi. Hapakuwa na maharage pia. Nilizungusha mkono ndoo nzima, mpaka chini kabisa, mpaka kiwiko kikapotea, na kila nilichogusa kilikuwa na ncha.

"Chukua moja tu," mwalimu mkuu alinihimiza.

Nikachukua hindi. Mwenyekiti alinishika bega, palepale waliposhika wale wa matangani, akasema ni bahati mbaya, tuonane mwakani. Nyuma yangu kulikuwa bado kuna watu wengi, nao wote walikuwa na bahati mbaya.

Mdogo wangu alirudi kutoka shule alasiri, na habari ilikuwa imeshamfikia njiani. Hakuuliza chochote juu ya kura. Alibandika maji ya ugali, akakaa, kisha akauliza yule bibi aliyehamia Sengerema alikuwa anampa mtoto uji saa ngapi.

Nililitambua swali lile. Ni la mtu anayeanza kazi.

"Kwa nini unataka kujua?"

"Kaka, hata hivyo fizikia inanishinda."

Fizikia haikuwa inamshinda. Nusu ya darasa lao walikuwa wanakuja kwetu Jumamosi kunakili fizikia yake. Lakini alisema kwa upole, akitazama sufuria, kama mtu anayesema kiatu kinambana ili mwenzake asione aibu kushindwa kumnunulia kingine. Nilimwambia kesho anakwenda shule. Akauliza nani atakaa na mtoto. Nikamwambia mimi. Akauliza tutakula nini. Nikamwambia tuna sahani safi, hazikutumika.

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Asubuhi nilimchukua kitinda mimba, kigoda chake, fagio, dumu na kuni, mahitaji yote ya bure, tukaenda kukaa nje ya mlango wa awali, chini ya nyangumi. Sikumpigia mtu kelele. Mwalimu alipotoka nilimwamkia, nikamwambia hatuingii, tumekuja kusikiliza tu, kwani sauti yake inafika mpaka nje. Alinitazama, akarudi ndani. Baada ya muda niliona ameacha mlango wazi na sauti ameipandisha.

Kesho yake walikuja wenzetu wawili watatu wa mahindi. Siku iliyofuata walikuja wengi, na vigoda vyao, wakapanga mistari. Mwisho nje kulikuwa na darasa kubwa kuliko la ndani, nalo lilikuwa linaitikia a-e-i-o-u kwa nguvu zaidi kwa kuwa lilikuwa na wazazi wake mgongoni. Mwenyekiti alifika kwa bodaboda.

"Kijana, hii ni fujo."

Tulimwamkia wote kwa pamoja. Aliitikia, maana shikamoo hairukwi, kisha akaendelea kwamba ni fujo.

"Tumekaa tu, mwenyekiti."

"Kula ilipigwa. Mbele ya watu wote. Wewe mwenyewe uliingiza mkono."

"Niliingiza," nilisema. "Sikatai. Ila kuna kula nyingine inakuja, mwenyekiti, ile ya karatasi. Ile ndoo yake tunaijaza sisi."

Jirani yangu wa dagaa alikuwa amesimama nyuma yake na beseni kichwani, anatoka mwaloni. Mtoto wake alikuwa ndani, mtu wa harage, hakuwa na haja ya kusema kitu.

"Na hiyo," alisema, "hatuendi na sahani."

Wanawake walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, kicheko cha mtu anayehesabu vichwa. Alizunguka, akauliza hali za watoto, akamshika mmoja shavu. Halafu akamvuta mwalimu mkuu pembeni, na waliporudi alitutangazia jambo ambalo, alisema, alikuwa amelifikiria tangu mwanzo, ila alisubiri wakati mwafaka: serikali haitaki mtoto yeyote aachwe. Maharage watasoma asubuhi, mahindi watasoma mchana. Alipigiwa makofi. Na mimi nilipiga. Mwaka hadi mwaka nimejifunza kwamba ukitaka kitu kidumu, mwache mwenyekiti aamini ni chake.

Mwalimu wa awali hakupiga makofi. Alikuwa mmoja, na sasa alikuwa na madarasa mawili kwa mshahara uleule. Nilimfuata kumshukuru. Alisema, "Usinishukuru, mmeniongezea zigo." Nilimwambia maji yake ya nyumbani nitakuwa nachota mimi. Alisema basi nianze leo, na akanikabidhi madumu.

Nilikuwa nimepata darasa, lakini la mchana, na asubuhi yetu ilibaki wazi kama zamani. Mdogo wangu aliliona hilo kabla yangu, nikamwona anafungua mdomo. Nilimwahi. Nilimwambia soko lina mizigo hata mchana. Ni kweli, ipo. Ni ile iliyokataliwa na watu wa alfajiri: kabichi zilizochoka, mashudu, sanduku la mtu asiyetaka kulipa. Msimamizi wetu Nyamagana alinicheka, akasema nimekuwa mwanafunzi wa awali, mkondo wa mchana. Nilimwambia ndiyo, na kwamba nimeingia kwa kura.

Jumatatu ya kwanza mdogo wangu alichelewa kuamka, akachelewa kuoga, akatoka mbio mkate mdomoni, na kutoka barabarani akapiga kelele kwamba nisipake mtoto mafuta mengi, atang'aa kama dagaa. Nilisimama nikamtazama mpaka alipokata kona, amekasirika, amechelewa, anakwenda shule.

Kitinda mimba alikuwa ameshavaa sare. Nilimwambia avue, zamu yake ni ya mchana, ataichafua. Akauliza kwa nini dada anakwenda sasa hivi. Nikamwambia zamu ya dada ni ya asubuhi.

Akafikiri kidogo.

"Na yako ni ya lini?"

Nikamwambia avue viatu kwanza.